Matembezi ya Gjirokastër: mwambieni mapema anayewatembeza mnataka habari za Musine Kokalari

Jamani hii huduma ya kutembezwa kwa miguu Gjirokastër, kusini mwa Albania, naipa nyota nne, na hiyo moja niliyobania ntaeleza. Aliyetutembeza ni mama wa pale pale, mji anaujua kichochoro kwa kichochoro, haongei kwa kukariri na hakutukimbiza, maana zile njia za mawe ni milima mitupu na mvua ikinyesha zinateleza balaa.

Ila kilichonifanya niandike ni stori ya Musine Kokalari, mwandishi wa kike wa mji huo. Kazaliwa Adana, Uturuki, 1917, kakulia Gjirokastër, akaenda kusoma fasihi Roma, na kitabu chake cha kwanza ni hadithi za akina mama wa mji huo na shida zao za kila siku, enzi ambayo mwanamke kutoa kitabu Albania ilikuwa bado jambo geni kabisa. Vita ya Pili ya Dunia ikiwa imepamba moto, 1943 yeye na wenzake wakaanzisha chama cha demokrasia ya kijamii, 1944 wakatoa gazeti lao, Zëri i Lirisë, wakimpinga mvamizi Mjerumani na huku hawataki kuburuzwa na wakomunisti. Novemba mwaka huo huo, wakomunisti wakiwa wanaichukua Tirana, kaka zake wawili wakapigwa risasi bila kesi.

Hapo yule mama akatoa picha kwenye mkoba, ya mahakamani 1946. Musine kasimama, kajitanda kitambaa cheusi cha msiba, na ndo siku zile aliwaambia majaji kwamba si lazima awe mkomunisti ili aipende nchi yake. Dah, huyu dada alikuwa na moyo! Wakamfunga gereza la Burrel miaka na miaka, alipotoka wakampeleka uhamishoni mji wa Rrëshen akawa anafanya kibarua cha ujenzi, msomi kama yule, hadi kansa ikamuua 1983.

Sasa ile nyota: stori yote hii tumepewa mwishoni watu washachoka, wakati kule ngomeni tulikaa mno kwenye ndege ya zamani ya jeshi la Marekani iliyowekwa pale kama maonyesho, halafu sokoni tukasimama duka hadi duka kuangalia mazulia. Mkibuku mwambieni kabisa mnataka habari za Musine mwanzoni, anazo nyingi na anazisimulia kwa uchungu. Vaeni raba zenye soli inayoshika, na mbebe leke, hela ya Albania, keshi.