Sanje, Udzungwa kwa Noah ya kukodi: uzoefu wangu

Ukiona mtu anakuuzia safari ya "Mikumi na Udzungwa" kwenda na kurudi wikiendi moja kutoka Dar, kabla hujatuma hela muulize swali moja tu, saa ngapi mnaanza kupanda kwenye maporomoko ya Sanje. Akikujibu "tutafika tu dada usijali", achana nae. Sisi tulienda wenyewe, ndugu tupu tumejaa Noah moja, na shangazi yetu ambae magoti yake ni ya kubembeleza, tukalala Mang'ula tukapanda asubuhi, na naandika hapa kwasababu njiani tulikutana na kundi la watu waliouziwa hiyo paketi wanashuka mbio mbio jua linazama hata hawajafika kwenye maji. Inauma jamani, umetoka Dar mpaka kule ukarudi na picha za kibao.

Nianze na gari maana ndo kilichonikera peke yake. Jamaa wa kukodisha alituahidi Noah yenye AC na dereva anaeijua njia. Dereva kweli alikuwa mzuri sana, kaka mmoja mtulivu hana mashindano na malori, ila AC ilikuwa inapuliza hewa ya moto tangu Kimara, na mikanda ya siti za nyuma ilikuwa imezama chini ya siti mpaka tukafukua wenyewe. Nikampigia tajiri wake akasema "gesi imeisha tu hiyo, mkirudi tutaongea". Tumerudi, hajaongea. Kwahiyo ushauri, kagua gari siku moja kabla na usimalizie malipo mpaka mrudi, acha hata robo mkononi mwako.

Njia yenyewe haina ugumu. Dar, Chalinze, Morogoro, Mikumi, halafu pale Mikumi mjini unaiacha barabara ya Iringa unakata kushoto kuelekea Ifakara. Jumla kama kilomita 360 hivi mpaka Mang'ula, hesabu masaa saba mpaka nane ukiweka kula, chai na tochi za trafiki maana kila kijiji ni 50 na wapo kweli, wamejibanza nyuma ya mwembe. Kuna mtu ataniambia mbona SGR inafika Moro chini ya masaa mawili, ni kweli, na kama mko wawili watatu mi ningewashauri mpande treni mpaka Moro halafu muende na basi za Ifakara zinazopita Mang'ula, ni rahisi zaidi. Ila mkiwa wengi na mna shangazi, Noah.

Kabla hujafika huo mji wa Mikumi unapita ndani ya hifadhi, hapo usiwe na haraka. Barabara kuu inakatiza mbugani kama kilomita 50 na wanyama unawaona bure kabisa bila kulipia kiingilio, tuliona tembo wamesimama karibu kabisa na lami, swala mpaka tukachoka kuwaonyeshana, na nyani wanaokaa pembeni wanasubiri watu wajinga warushe ndizi. Msirushe, ndo wanavyogongwa. Kuna mabango yameandikwa faini ya kila mnyama ukimgonga, twiga ndo usiombe, na dereva wetu akatuambia usiku yeye hapiti pale hata umlipe mara mbili.

Ukishaiacha barabara kuu mambo yanabadilika. Kona zinaanza, unashuka, joto linaongezeka, halafu unatokea kwenye miwa. Miwa miwa miwa, Kidodi, Ruaha, Mkamba, Kidatu, na matrekta yanavuta matela yaliyojaa mpaka inadondoka barabarani, na ile harufu ya kiwanda cha sukari inaingia garini (hapo ndo niliikumbuka AC). Unavuka mto Ruaha Mkuu, na upande wa kulia muda wote una ukuta wa milima ya kijani iliyokolea na mawingu yamekaa juu. Hicho kipande cha kutoka Kidatu kwenda Ifakara wazee wanakijua, zamani kiangazi vumbi masika matope, magari yanalala njiani. Sasa hivi lami imewekwa, tuliteleza tu.

Kitu cha kujua, na hakuna aliyetuambia: kijiji cha Sanje utakipita KABLA ya Mang'ula. Unayaona maporomoko kabisa kutoka barabarani, mstari mweupe katikati ya msitu, watoto wote garini wakaanza kupiga kelele simamisha simamisha. Ila huwezi kuingilia pale tu, lazima uende makao makuu ya hifadhi Mang'ula ulipie, upewe muongozaji, halafu urudi nyuma kama kilomita kumi mpaka Sanje mnapoanzia kupanda. Na hawapokei keshi, ni kontroo namba au kadi, kwahiyo hakikisha hela ipo kwenye simu kabla hujafika getini maana tuliwakuta watu wanahangaika kutafuta wakala. Nendeni na vitambulisho, bei ya Mtanzania na ya mgeni ni mbingu na ardhi.

Tulilala gesti ya kawaida Mang'ula, safi, neti haina matundu, maji ya bomba yanatoka mlimani ya baridi. Usiku tumekula wali wa Kilombero na perege wa kukaanga kwa mama mmoja pale barabarani, na kwakweli wali ule, mi nanunua mchele wa Kilombero Dar miaka yote lakini huu uliotoka shambani juzi ni kitu kingine, ulinukia hadi tulipokaa nje. Shangazi aliomba ukoko akapewa sahani nzima.

Asubuhi tukapewa muongozaji, dada mdogo tu mzaliwa wa pale pale. Akamwangalia shangazi, "shikamoo mama", "marahaba mwanangu", akamuuliza goti lipi linasumbua, kulia au kushoto, akamkatia fimbo, halafu akatuambia mama atatangulia mbele na sisi wote tutafuata mwendo wake. Hapo tu nikajua tumepata mtu. Sijawahi kuona muongozaji anaeweka mgonjwa mbele, kawaida wanamuacha nyuma ahangaike mwenyewe na aibu yake.

Udzungwa sio mbuga ya kuzunguka na gari, hakuna barabara ndani, ni miguu tu. Ni hifadhi ya taifa tangu 1992, kilomita za mraba 1,990, na ni sehemu ya ile Milima ya Tao la Mashariki (safu ya milima ya misitu ya mashariki mwa Tanzania mpaka kusini mwa Kenya), na kinachofanya watafiti waipende ni kwamba msitu unapanda bila kukatika kutoka bondeni kama mita 250 hivi mpaka karibu na kilele cha Luhombero chenye mita 2,576. Hayo unaweza kuyasoma popote. Usichoweza kusoma ni jinsi hewa inavyobadilika, umetoka kwenye jua la miwa unahema, unaingia hatua ishirini msituni na jasho linapoa mgongoni, na kelele za barabarani zinakatika unabaki na nyenje tu.

Na huyu dada alikuwa haongei kama kanda. Tulikuta kinyesi cha tembo njiani, ndio wapo tembo na wanapanda hiyo milima, akachuchumaa akakipasua na kijiti akatuonyesha mbegu zimo ndani nyingine zimeshaanza kuchipua, akasema mti ule mkubwa kule ulipandwa hivi hivi. Watoto waliokuwa wanaziba pua wote wakaja kuinama. Akatuonyesha mgude, mti umenyooka gome lake la njano njano hauna tawi mpaka juu kabisa, na mti wa jamii ya mkuyu uliomkumbatia mwenzake mpaka yule wa ndani amekufa ameoza limebaki tundu, mtoto anaingia anasimama ndani. Siafu tulivuka mara kadhaa, anasema "rukeni msikanyage", mdogo wangu akakanyaga, akacheza ngoma pale dakika tano.

Nyani wa hapo nao wana mambo. Mbega wekundu tuliwaona kwa urahisi, wanaruka juu wanadondosha majani. Ila kuna mmoja wa rangi ya kijivu anaitwa Sanje, amepewa jina la hapa hapa, na hayupo sehemu nyingine duniani zaidi ya hiyo milima. Wanasayansi walimjua mwaka 1979. Nikamuuliza dada, yaani kabla ya hapo hakuna aliyemuona? Akacheka, akasema babu yangu alikuwa anamfukuza shambani. Hatukumuona lakini tulimsikia, sauti inavuma kutoka mbali, na dada akasimama ananyoosha kidole kwenye majani kwa muda mrefu na sisi tunaangalia majani tu.

Kupanda kunakaba, sitawadanganya. Kuna sehemu ni ngazi za udongo na magogo, mvua ikiwa imenyesha unashika mizizi. Viatu vya raba vyenye meno, sio zile za kutokea. Kwenda na kurudi wanasema masaa manne, sisi na mwendo wa shangazi tulipitiliza sana na hakuna aliyetuharakisha, ndo maana nasisitiza muanze asubuhi.

Maporomoko yako matatu, maji yanashuka kwa awamu, jumla kama mita 170. Ukifika juu unaona bonde lote la Kilombero, miwa imekatwa vipande vipande, reli ya TAZARA inapita, na upeo unaishia kwenye ukungu. Hilo refu kabisa ukiwa juu yake huoni linapoangukia, unasikia tu kishindo miguuni. Lakini pa kukaa ni kwenye bwawa, pale maji yanapoanguka yanatengeneza kama karai kubwa la mawe na unaruhusiwa kuogelea. Baridi yake inakata pumzi! Ukikaa karibu upepo wa maji unakurushia matone madogo madogo, nguo inalowa bila kuingia majini, mawe yote pembeni yana kuvu la kijani na vimea vidogo vinatikisika muda wote havitulii. Shangazi alivua viatu akaweka magoti yake kwenye maji, akakataa kuondoka. "Nyie nendeni, mtanikuta." Dada wa hifadhi akakaa nae.

Hapo ndo akatusimulia habari ya Kihansi, upande wa kusini wa milima hiyo hiyo. Kulikuwa na chura mdogo wa njano anaishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu, aligunduliwa 1996, maji yakachepushwa kwenda kwenye mitambo ya umeme iliyoanza 2000, manyunyu yakakatika na chura akapotea porini kabisa. Waliobaki ni wale waliokuwa wamepelekwa Marekani wakazalishwa huko kwenye bustani za wanyama, baadae wakarudishwa nyumbani. Mi chura wa Kihansi nilikuwa namsikia kwenye utani wa bungeni na vijiweni, watu wanacheka, chura kapanda ndege. Kukaa pale kwenye matone na kuona vile vimea vinavyotikisika nikaelewa kwanini alikuwa hawezi kuhama kwenda kutafuta mto mwingine.

Akatuambia pia bibi yake alikuwa anaokota kuni kavu ndani ya hifadhi, zamani waliruhusiwa siku maalum, mwaka 2011 ikafungwa moja kwa moja. Nyumbani kwao sasa wanapikia jiko la pumba za mpunga. Nikamuuliza watu hawakukasirika? Akasema walikasirika na wengine mpaka leo, hasa wenye mashamba ambayo tembo wanashuka kula, halafu akasema twendeni jua linahama. Nilipenda kwamba hakutupambia maneno.

Kushuka kulikuwa kugumu kuliko kupanda, mapaja yanatetemeka. Chini pale Sanje watoto wa kijiji wanauza ndizi mbivu, tulimaliza mkungu tumesimama.

Kwa upande wa huduma, muongozaji nampa kumi kwa kumi na tulimpa bahshishi bila kuombwa, vibao vya njia saba kwa kumi, vyoo pale mnapoanzia kupanda bado, pelekeni karatasi zenu. Mtandao juu unakuja unaondoka. Maji ya kunywa bebeni sio chini ya lita moja na nusu kila mtu na mrudi na chupa zenu, tulikuta za wengine zimechomekwa kwenye mawe na huyo dada anaziokota akiweka kwenye begi lake mwenyewe, aibu tupu.

Msimu, mi ningesema Juni na Julai, masika imeisha, maji bado mengi na njia imeshakauka. Machi mpaka Mei maji yanatisha kwa uzuri ila utelezi huo. Mwenye mzazi ambae kweli hawezi kupanda asimuache nyumbani, kuna maporomoko madogo ya Prince Bernhard karibu tu na geti la Mang'ula, ni matembezi mafupi anafika anakaa anapumzika na mbega wanapita juu yake. Na njia ya maporomoko ya Sonjo ipo katikati, sio ngumu sio rahisi. Shangazi ameshauliza lini tunarudi, anataka hiyo Sonjo, ila ameweka sharti moja kwamba gari nitafute mimi na AC aiwashe yeye mwenyewe kabla hajapanda.