Siku za kazi za John Steinbeck: shajara niliyoinunua Mwanjelwa kwa elfu tano

Kitabu hiki nilikikuta sokoni Mwanjelwa, Mbeya, juu ya turubai, kati ya viatu vya mitumba na rundo la vitabu vya kukufundisha utajiri. Kinaitwa Working Days, na muuzaji alikuwa amekipanga humohumo kwenye vya biashara. "Hiki cha mambo ya kazi, mwalimu," akaniambia. "Siku za kazi, soma mwenyewe hapo." Alitaka elfu nane, tukaishia elfu tano. Mfuko nikakataa kununua, nikakitia ndani ya koti maana kuanzia Uyole mvua ilishaanza.

Ni shajara ya John Steinbeck, Mmarekani, ya siku alizokuwa akiandika The Grapes of Wrath, riwaya ya ukoo wa Joad: wakulima wa Oklahoma waliong'olewa kwenye ardhi na ukame, vumbi na mabenki, wakaenda California kutafuta vibarua vya kuchuma matunda. Riwaya ilitoka Aprili 1939, mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Pulitzer, na 1962 mwenyewe akapewa Nobel. Shajara ilikuja kuchapishwa 1989, yeye akiwa kaburini zaidi ya miaka ishirini, ikihaririwa na Robert DeMott.

Mwalimu wa Kiswahili wa Tukuyu anatafuta nini kwenye shajara ya Kiingereza? Nina riwaya kabatini. Ina miaka sita. Inamhusu babu, aliyeondoka Rungwe akiwa kijana, akavuka milima ya Mbeya kwa miguu kwenda kuchimba dhahabu Lupa, kule Chunya, miaka ile ya 1930 watu walipokuwa wakimiminika huko. Ina sura nne na nusu. Hiyo nusu ndiyo imekaa miaka minne. Kila nikikaa kuandika najiambia kwamba waandishi wa kweli hawahangaiki hivi, wao maneno huwashukia kama mvua ya hapa kwetu, ambayo haingoji kuombwa.

Sasa nimemsoma mmoja wao akiwa peke yake chumbani.

Alianza mwishoni mwa Mei 1938, akamaliza tarehe 26 Oktoba. Miezi mitano kwa kitabu kinene vile! Aliandika kwa mkono, mwandiko mdogo, kwenye daftari kubwa la mahesabu, na lengo lake lilikuwa kama maneno 2,000 kwa siku. Kabla ya kuigusa riwaya alifungua shajara akaandika mistari kadhaa: amelala vipi, nani anakuja kuwatembelea, nini kinamkera, leo ukoo wa Joad unatakiwa ufike wapi. Kisha anajiamuru kuanza. Siku nyingine anarudi baadaye kuandika kwamba kazi ya leo imekwisha.

Walimu wenzangu watakuwa wameshaitambua hiyo. Ni andalio la somo. Unaandika kabla ya kuingia darasani, na mwishoni unajaza tathmini. Tofauti ni kwamba sisi tathmini tunaijaza kwa ajili ya mkaguzi. Nusu ya darasa imesinzia, mvua inapiga bati mpaka sauti haisikiki, na bado naandika "Somo limeeleweka vizuri." Nimeandika sentensi hiyo mara nyingi kuliko jina langu. Steinbeck hana mkaguzi. Akiboronga anaandika ameboronga. Akiwa mvivu anajiita mvivu, na maneno kuhusu uvivu wake yamejaa kitabuni mpaka nikaanza kumwonea huruma, kwa sababu mvivu gani anaandika maneno 2,000 kwa siku?

Tarehe 16 Agosti nimeikunja ukurasa. Siku hiyo anakiri kwamba amekata tamaa kabisa, kwamba yeye si mwandishi, amekuwa akijidanganya na kuwadanganya watu. Nilitegemea mistari itakayofuata iwe ya kufunga daftari. Lakini kwenye aya hiyohiyo anasema atajaribu kuendelea na kazi, kwamba kinachohitajika ni kipande kidogo kila siku, na kwamba huwa anasahau jambo hilo. Hapo alikuwa na umri wa miaka 36 na vitabu kadhaa madukani. Mimi nina 41 na sura nne na nusu, na nilikuwa nadhani kusahau huko ni ugonjwa wangu peke yangu.

Na hiyo Agosti ilikuwa ya taabu kweli. Mchapishaji wake, Covici-Friede, alifilisika katikati ya kiangazi. Wakati huohuo yeye na mkewe walikuwa wananunua shamba jipya, wageni hawaishi mlangoni, majirani wanajenga na nyundo zinagonga. Kwangu mimi ni mashine ya kusaga. Iko nyumba ya pili, inawashwa saa moja kamili asubuhi, na siku za Jumamosi watu hupanga ndoo toka alfajiri. Nilikuwa nimeapa kwamba bila ile mashine riwaya ingekuwa imekwisha. Baada ya kusoma majuma kadhaa ya nyundo za California nimeuondoa utetezi huo, ingawa mashine bado siipendi.

Kuna jambo ambalo msomaji wa haraka anaweza kudanganyika nalo, nami nilidanganyika mpaka niliporudia utangulizi wa DeMott, ambao ni mrefu lakini usiuruke. Ile miezi mitano ni ya kumimina tu. Mtungi ulijazwa kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 1936 Steinbeck alitumwa na gazeti la San Francisco News kuandika habari za vibarua wahamiaji. Akakaa kwenye kambi zao, akafahamiana na Tom Collins, msimamizi wa kambi ya Weedpatch, aliyemsaidia kwa taarifa nyingi alizokuwa anaandika kuhusu wakazi wake. Riwaya imetabarukiwa watu wawili, na Tom ni mmoja wao: anatajwa kama mtu aliyeyaishi yaliyomo. Halafu, kabla ya riwaya hii, Steinbeck alikuwa ameshaandika kitabu cha kejeli kuhusu mgomo wa vibarua wa mboga huko Salinas. Akakisoma, akaona ni kibaya, akakiharibu. Kazi nzima! Majuma machache baadaye ndipo akaanza hii.

Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini nikaenda kukoleza mkaa, kwa sababu nilikuwa nimeelewa kitu kuhusu ile nusu sura yangu. Babu anafika Lupa. Mimi Lupa sijawahi kuiona. Nilikuwa namlaumu jirani kwa mashine yake, kumbe mtungi ni mkavu.

Kuhusu ufundi wenyewe shajara inatoa vitu vichache, ila vizito. Anajizuia kukimbia. Mara kwa mara anajikumbusha aende polepole, asitazame kilima chote bali hatua ya leo. Mapema kabisa, kazi ikiwa bado changa, anaijua tayari picha ya mwisho ambayo hadithi nzima inaielekea, na mchapishaji wake mpya alipokuja kumwomba aibadilishe akakataa. Sitaisema picha hiyo, ila aliyesoma riwaya anajua kwa nini mchapishaji alishtuka.

Lakini usikinunue ukitegemea kuona sentensi zinavyozaliwa. Kwenye riwaya kuna kobe anayevuka barabara kuu, sura fupi ambayo nimewasomea Kidato cha Nne kwa tafsiri yangu ya papo kwa papo na darasa likanyamaza. Nilikwenda kwenye shajara kumtafuta yule kobe kwa hamu. Nikakuta habari za kazi, uchovu na wasiwasi. Kobe alipatikana kwenye daftari jingine, lile la riwaya, na njia aliyopitia kufika pale haikuandikwa popote. Mwanzoni niliona nimepunjwa. Sasa naona ni haki: hata mimi sijui ni wapi nilipata sentensi moja nzuri iliyoko kwenye sura yangu ya pili, na nilikuwepo nikiiandika.

Sasa Carol. Carol ndiye mke wa wakati ule, na ndiye mtu wa kwanza kwenye tabaruku, anayetajwa kama aliyeitaka riwaya hii kwa moyo wote mpaka ikawa. Alipiga chapa mswada wote kutoka kwenye ule mwandiko mdogo, na jina la riwaya ni yeye aliyelipata, kutoka kwenye wimbo wa kizalendo wa Marekani. Kwenye shajara anapita kama mtu anayepita ukumbini na sinia: Carol anapiga chapa, Carol amechoka. Mke wangu alikuwa anachambua maharage nikimsimulia haya. Akauliza, "Sasa huyo Carol alilipwa nini?" Nikamwambia ametabarukiwa. Akasema, "Mwalimu, kutabarukiwa kunanunua sukari?" Nikaendelea kusoma, nikakuta kwamba mwaka 1943 walitalikiana. Hilo sikumwambia siku hiyo, nilimwambia baada ya wiki.

Hapo ndipo panapopunguza nyota yangu moja. Ni shajara ya mtu mmoja, sawa, hawezi kuandika ya wawili. Ila ukiisoma kama mwongozo wa kazi ya ubunifu utatoka ukidhani riwaya huandikwa na mtu mmoja na daftari lake, wakati kila ukurasa wa hii ulipita chini ya vidole vya mwingine.

Sehemu ya mwisho, inayoanza Oktoba 1939 na kuishia Januari 1941, ni nzito kuimeza. Riwaya imeshatoka, sifa zimemjia na matusi pia, na yeye ana hofu na hajui aandike nini. Niliisoma kwa kurukaruka. Tanbihi za mhariri ziko nyuma, nyingi, kwa herufi ndogo ambazo kwa taa ya sola haziwezekani. Ila zimenisaidia kujua nani ni nani. Nakala yangu ina alama za penseli za mtu wa kwanza kuimiliki. Alipigia mstari kila mahali Steinbeck alipolalamika kuhusu wageni, na pengine popote hapana. Ningependa kumfahamu.

Je, ni halali kusoma shajara ya mtu? Hilo lilinisumbua, kwa sababu nyumbani kwetu kufungua barua isiyo yako ilikuwa kesi ya fimbo. Kumbe mwenyewe aliacha maagizo: isichapishwe akiwa hai, na watoto wake waisome kama siku moja watataka kujua baba yao alikuwa mtu wa namna gani, nyuma ya sifa na uzushi wa watu. Basi nimesoma kama mtoto wa kando. Na nimekumbuka Barua za Shaaban Robert, zile alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge. Kwa msomaji asiyetaka kupigana na Kiingereza, aanzie huko. Zile ni barua na hii ni shajara, lakini utamkuta mwandishi mkubwa bila kanzu ya Idi.

Nilijaribu njia yake muhula mzima. Kaunta buku ya kurasa mia mbili, saa kumi na moja alfajiri, kabla ya mashine na kabla ya zamu. Sikujiwekea maneno 2,000, nina vipindi 26 kwa wiki. Nilijiwekea ukurasa mmoja. Tathmini najaza ya kweli. Tarehe nyingine inasema "Baridi. Mistari mitatu. Chai." Wiki mbili sikuandika kitu kabisa, na zimo, tupu, na tarehe zake.

Likizo fupi ilipofika nilipanda gari mpaka Chunya, nikaendelea hadi Makongolosi. Nilikaa siku mbili nikisikiliza wazee na kutazama vijana wakitoka mashimoni wamekuwa rangi moja na udongo. Babu wangu kwenye sura ya tano alikuwa anaimba akichimba. Hakuna niliyemwona akiimba.

Nampa Steinbeck nyota nne kati ya tano. Ile ya tano ni ya Carol.

Mke wangu amekubali kunichapia kwenye simu, kwa makubaliano ya kilo moja ya sukari kila kurasa kumi. Niliporudi kutoka Makongolosi nilifungua kaunta buku, nikaandika: "Jumapili. Sura ya tano yote imefutwa, kurasa kumi na nane. Kesho naanza upya." Asubuhi nikakuta chini yake mwandiko usio wangu: "Zilizofutwa nazo zinalipwa."