Kituo chetu cha afya, na mkutano uliopangwa kabla hatujafika

Wauguzi wa kituo chetu cha ngazi ya tatu, huku Busia upande wa Uganda, nawapa alama za juu. Umeme ulipokatika usiku, mkunga alimzalisha binti yangu kwa tochi ya simu, akamfunika mtoto kwa leso yake mwenyewe. Dirisha la dawa ndilo silisifu. Ada za matibabu kwenye vituo vya serikali zilifutwa mwaka 2001, lakini glavu na pamba tulizinunua dukani ng'ambo ya barabara.

Ndiyo maana nilifunga biashara nikaenda kwenye mkutano wa viongozi kuhusu mageuzi ya afya. Maswali yalikuwa yameshaandikwa kwenye vikaratasi na kugawiwa vijana wa fulana mpya za rangi moja, na kila mmoja alianza kwa kushukuru. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alinyoosha mkono tangu mwanzo. Kipaza sauti kikampita kila mara. Hilo limeniuma sana.

Mimi nilitaka kuuliza habari ya bima. Bunge lilipitisha mswada wa bima ya afya ya taifa Machi 2021, ukakwama bila saini ya Rais. Sisi wauza samaki tusio na mshahara tutachangiaje? Na tukichangia, glavu zitakuwepo?

Kituoni nendeni bila wasiwasi, ila bebeni glavu. Mkutano wa namna ile sirudi mpaka kipaza sauti kimfikie yeyote anayenyoosha mkono.