Kiti cha mtoto aliyefungwa hogo (plasta ngumu) miguu yote miwili, fundi wa Keko, Dar: nyota nne

Naandika hii kiti chenyewe kikiwa hapa barazani, kimechubuka, mjomba wa mwanangu kakikalia anakula muhogo. Nilisema siku mwanangu akitembea nitamwandikia huyu fundi, sasa leo natimiza.

Nianze na kwa nini nilihitaji kiti cha ajabu. Mwanangu alianza kuchechemea mwaka 2023, ana miaka sita, analalamika goti. Goti goti goti. Zahanati ya jirani wakatupa dawa ya maumivu na ya kuchua, bibi yake akawa anamchua na mafuta ya nazi kila jioni, jirani mmoja yeye akashamaliza kwamba mtoto kakanyaga kitu njia panda, miezi minne ikakatika hivyohivyo, goti likapigwa picha likaonekana zima kabisa. Mpaka tulipofika kwa daktari wa mifupa, akamlaza chali akaushika mguu akaupanua pembeni, ukagoma, akasema hebu tupige nyonga. Kumbe kwa watoto nyonga ikiumwa maumivu yanaweza kusikika gotini au pajani, mwenzenu nilikuwa nachua goti lisilo na kosa lolote! Wakapima kwanza selimundu, maana nayo inaweza kuua mfupa palepale nyongani, wakaangalia na TB ya mifupa, zote hamna. Ni Perthes, jina la daktari wa Kijerumani aliyeuelezea huo ugonjwa mwaka 1910, unashika zaidi watoto wa miaka 4 hadi 8, na wavulana wanaupata mara 4 au 5 kuliko wasichana.

Nilivyoeleweshwa ni hivi, damu inaacha kufika kwenye kichwa cha mfupa wa paja, kile kiduara kinachokaa kwenye kikombe cha nyonga. Mfupa unakufa, unameguka, halafu mwili wenyewe unaanza kuujenga upya taratibu, miaka 2 hadi 5. Sasa wakati unajengwa unakuwa laini, ukikandamizwa vibaya unaota bapa. Kwa hiyo mwanangu akalegezwa kano ya ndani ya paja, akafungwa hogo miguu yote kuanzia mapajani hadi chini, miguu imepanuliwa kama herufi A na kijiti cha mbao kimekingama katikati, ili kile kiduara kibaki ndani ya kikombe wakati kinajengwa. Wiki sita.

Haya, mchukue mtoto wa hivyo umpandishe bajaji. Tulimwingiza kiubavu kama tunaingiza meza. Wilichea tuliyoazima haikumfaa, vile vyuma vya pembeni vinabana hogo. Siku tatu za mwanzo alilala tu chali anaangalia dari, mimi naangalia dari naye.

Keko kila mtu anaijua kwa vitanda na masofa, ukipita tu "dada sofa, dada kabati". Mafundi watatu wa kwanza niliwaeleza, wakacheka, mmoja akataka advansi hata hajaelewa anatengeneza nini. Wa nne ni mzee, anatengeneza viti vya saluni. Yeye hakuanza na bei, aliuliza mtoto anaumwa nini. Nikamsimulia yote kama nilivyosimulia hapo juu, akaweka randa chini akasema, "Aah, kumbe ni zege na mbao zake. Ukitoa mbao zege halijashika, linakaa upande." Jamani! Madaktari walinieleza mara tatu na picha za eksirei ukutani, nikaitikia ndio ndio, nilielewa pale Keko kwenye maranda.

Kiti chenyewe: nyuma chembamba, mbele kinafunguka kama kipepeo, kila mguu una bawa lake la kuegemea. Katikati kakata nafasi ya kusukumia poti (aliyewahi kuuguza hogo anajua hapo ndo penye vita). Mgongo unalala hatua tatu, kuna kibao cha mbele cha kulia na kuandikia, matairi manne na kabari za kuzuia kisitembee. Nilitaka mninga akanikatalia, "Dada'angu, kitu cha wiki sita unipe hela ya mninga ya nini?" Akatumia paini, akaweka sponji na leza ya kufutika. Elfu themanini na tano.

Sasa nyota niliyoibakiza. Aliniambia Jumanne, kiti nimepata Ijumaa, kila nikipiga simu "nipo napiga msasa". Pili vanishi ilikuwa bado mbichi, kiti kikalala nje usiku mbili kwa sababu ya harufu. Na tatu, matairi aliyoweka ni madogo kama ya kiti cha ofisi, kwenye vigae yanateleza vizuri ila huku kwetu Mbagala ni mchanga, yakazama. Nikarudi kubadilisha, elfu kumi na tano nyingine. Fundi wa miaka yote hiyo angeuliza tu, dada kwenu sakafu gani?

Ila baada ya hapo, aisee. Dogo akatolewa barazani, wenzake wakamnunulia filimbi, akawa refa. Yaani kakaa na hogo lake kama mfalme, kadi nyekundu anagawa kama njugu.

Hogo lilivyotoka miguu ilikuwa fito, magoti yamekakamaa, alilia na mimi nikalia chooni. Ikafuata fiziotherapi, kupanua mguu kila siku, baadaye kuogelea baharini na baiskeli, maana hivyo havigongi nyonga. Kurukaruka hapana. Eksirei ya juzi mfupa mpya umejaa, sio duara la kiwandani ila umekaa ndani ya kikombe. Mpira bado hajaruhusiwa, na jioni akichoka anachechemea.

Mwezi uliopita nikampeleka Keko amsalimie babu. "Shikamoo babu." "Marahaba, hebu tembea mpaka kwenye mbao kule urudi." Akamtembeza mara mbili, macho kwenye miguu tu, halafu ananiambia, "Kushoto bado anaiba kidogo," yaani mguu huo anaukwepa. Ndo maneno ya mtu wa fiziotherapi wiki hiyohiyo, neno kwa neno.

Mkienda ulizieni mzee wa viti vya saluni. Na mpime upana wa kisigino hadi kisigino hogo likiwa limeshavaliwa, mimi nilipima magoti nikarudishwa.