Bombolulu Workshops: nunua juu kitu ni kizuri, sio juu ya huruma

Watu wameniuliza sana hizi champali za ngozi nimezitoa wapi, jibu ni karakana za Bombolulu, pale pale barabara ya Malindi ambapo sisi wa Mombasa tunapita kila siku na matatu za Mtwapa tukidhani ni mahali pa watalii tu. Kama unatoka tauni, ukishavuka daraja la Nyali na kupita Kongowea mwambie makanga akushushe Bombolulu.

Pako tangu 1969, ni pa APDK, kile chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, na mafundi wa humo wengi ni watu wenye ulemavu. Kuna vito, mbao, ngozi na cherehani. Mimi nilinasa kwa vito bana, kipande cha shaba kinakatwa, kinapigwa nyundo, kinasuguliwa, mara hereni hiyo, na fundi wakati wote anapiga stori na wenzake kama hafanyi kitu. Viti vya magurudumu pia vinatengenezwa, hiyo sikuwa najua.

Sasa bei. Sio bei ya soko la Kongowea, usiende na hiyo akili. Lakini hizi champali zimekula mvua ya mwezi wa tano na mchanga wa pwani na uzi haujaachia hata mahali pamoja. Kuna duka la hoteli fulani, silitaji, nilikuta hereni kama hizo hizo karibu mara mbili ya bei na muuzaji hata hajui zimetoka wapi, si afadhali uende mwenyewe kwa fundi.

Kinachoniudhi ni wale wa "ngoja niwasaidie masikini", ananunua kishikio kimoja cha funguo, anapiga selfi, kwisha. Huyo fundi analipa karo na nyumba kwa hiyo kazi, anachotaka ni oda. Ndio serikali imetenga asilimia 30 ya tenda zake kwa vijana, kina mama na watu wenye ulemavu, lakini tenda ni makaratasi na kungoja malipo, mkoba wako wewe unaulipia hapo hapo. Kama una harusi ama ofisi yenu inatafuta zawadi za Disemba, nenda uulize mapema.

Kuna pia nyumba za kienyeji za makabila tofauti, watoto watapenda, ulizia kiingilio. Mimi ningeanza na duka kabla pesa haijaisha.