Redio ya marehemu baba na kipindi cha The Repair Shop: uzoefu wangu

Mwaka jana, usiku mmoja baada ya isha, mdogo wangu aliyeko Dar es Salaam alinitumia video ya YouTube na maneno matatu tu: “Dada, tazama hii.” Kilikuwa kipande cha The Repair Shop, kipindi cha BBC kilichoanza mwaka 2017. Nilikitazama nimesimama jikoni mpaka mwisho. Tangu siku ile nimetazama vingi, vingine mara mbili mbili, na kimoja ndicho kilichonifungisha safari ya Pemba kwenda kuichukua redio ya marehemu baba.

Kwa ambaye hajakiona: mafundi wamekusanyika katika banda la kale la mbao, ndani ya makumbusho ya Weald and Downland huko West Sussex, kusini mwa Uingereza. Mtu anakuja na kitu chake kilichovunjika, anasimulia kilikuwa cha nani, anakiacha, anaondoka. Akirudi anakikuta mezani kimefunikwa kitambaa. Kila fundi na fani yake. Steve Fletcher ni wa saa, dada yake Suzie wa ngozi, Will Kirk wa mbao, na Mark Stuckey ndiye wa redio na vyombo vya umeme. Mwenye kitu halipi hata senti moja.

Zamani nilikuwa nikitazama Antiques Roadshow, cha BBC hao hao, kilichoanza mwaka 1979. Pale watu husubiri kwa hamu waambiwe kitu chao kina thamani ya pauni ngapi. Huku bei haina nafasi. Mtu analeta kiti kilichovunjika mguu, ambacho dukani hakinunuliki, na mafundi wanakishughulikia kama kito.

Lakini kilichonigusa zaidi ni swali. Kabla kazi haijaanza, mara nyingi mwenye kitu huulizwa anataka kirudi katika hali gani, kipi kitengenezwe na kipi kiachwe kama kilivyo. Utamsikia mtu anasema, “Mkwaruzo huo uacheni, aliutia mama.” Na kweli unaachwa.

Swali hilo liliniuma, kwa sababu mimi sikuulizwa, na sikujua kama nilipaswa kusema. Nyumbani kwetu Wete palikuwa na saa ya ukutani ya babu. Ndani ya kijimlango chake babu alikuwa akiandika kwa penseli, kwa herufi za Kiarabu, siku aliyozaliwa kila mtoto wake. Majina saba, la baba ni la nne. Mchwa walipoanza kuila pembeni nikaileta mjini kwa seremala, nikamwambia, “Ifanye iwe mpya.” Akafanya nilivyomwambia. Aliipiga msasa nje na ndani, akaipaka vanishi inayong'aa kama kioo. Nilipofungua kijimlango nikakuta mbao nyeupe, safi, haina herufi hata moja. Saa inatembea vizuri mpaka leo. Mimi siwezi kuitazama kwa ndani.

Basi redio nikaapa haitapata yaliyoipata saa. Ni Philips ya kasha la mbao, ya valvu, zile taa za kioo zinazopata moto ndani. Baba aliinunua miaka ya 1960. Kila jioni alikaa nayo kusikiliza Idhaa ya Kiswahili ya BBC, na kikombe chake cha kahawa alikiweka juu ya kasha, upande wa kulia, mahali pamoja kila siku. Kikombe kikaacha duara jeusi kwenye mbao. Redio ilizimika siku za umeme wa jenereta, kabla ya waya wa chini ya bahari kutoka Tanga kufika Pemba mwaka 2010, na haikuwashwa tena. Ikabaki juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

Niliizungushia kanga mbili, nikaipakata garini kutoka Wete mpaka Mkoani, na kwenye boti mpaka Malindi, bandarini Unguja, sikuiweka chini. Fundi niliyeelekezwa yuko mtaa wa Ng'ambo, hapa hapa mjini, mtu mzima, kazi yake aliianzia kwa redio kama hizi. Hata kabla sijaifungua kanga akaniuliza:

“Mwanangu, umeitia umeme?”

“Sijaitia, fundi.”

“Alhamdulillah.”

Akanieleza kwamba kapasita za zamani, vile vipande vidogo vinavyotunza umeme ndani ya redio, ni karatasi na nta, na karatasi hunywa unyevu. Redio iliyolala miaka ukiichomeka ghafla kwenye umeme wa volti 230, kapasita iliyooza inapitisha umeme pasipopaswa na transfoma inaungua. Hapo tena kuipata nyingine ni kazi. Alipofungua mgongo tukakuta mayai mawili makavu ya mjusi na kiota cha nyigu. Shaba ilikuwa imeota ukijani wa chumvi ya bahari. Spika ya karatasi imechanika urefu wa kidole.

Nikamwonyesha lile duara la kahawa, nikamwomba asiliguse. Alipitisha kidole juu yake polepole. “Hapa alikuwa akikaa mtu,” akasema. Hakuniuliza zaidi.

Kazi ilichukua wiki tano. Alibadilisha kapasita moja moja, akasafisha miguu ya valvu, akaziba spika kwa karatasi nyembamba na gundi. Siku ya kuijaribu aliniita. Aliupitisha umeme kwanza kwenye balbu ya wati 100, ndipo uingie redioni: balbu ikibaki inawaka kwa nguvu, ndani kuna shoti, ikiwaka halafu ikafifia, kuna salama. Iliwaka, moyo wangu ukasimama, kisha ikafifia ikabaki na wekundu kidogo. Nililipa shilingi 150,000 na sikuomba kupunguziwa.

Na hapa ndipo kipindi kinaponipa kinyongo. Kazi niliyoiona kwa wiki tano, wao wanaipitisha kwa dakika chache na muziki chini yake. Unaona mikono, huoni fundi akitafuta ugonjwa, na kwenye redio kuutafuta ugonjwa ndiyo kazi yenyewe. Hatari nayo haisemwi vya kutosha. Redio ya valvu ina volti mamia ndani, na kapasita zake zinaweza kukurusha hata baada ya kuchomoa waya. Kijana akitazama video moja akachukua bisibisi, anaweza kuumia vibaya. Halafu hili la malipo. Nilipomwonyesha mama kwenye simu, huku nikimtafsiria, swali lake la kwanza lilikuwa, “Na huyo fundi analipwa na nani?” Mtazamaji akizoea kuona kazi ya bure, hamthamini fundi wake wa mtaani anayekaa wiki tano juu ya redio moja.

Pamoja na hayo nakipenda na nawaambia watu wakitazame, hasa wenye kasha la njumu, saa au santuri ya bibi imewakalia uvunguni. Anza na vipande vya redio na saa. Ukiwa na mzazi au bibi, kaa naye, mtafsirie. Utasikia habari za vitu vya nyumbani kwenu usizowahi kuhadithiwa. Natamani televisheni yetu ya Zanzibar ipige picha kama hizi kwa mafundi wetu. Chumvi, mchwa na unyevu wa huku ni magonjwa tofauti kabisa na ya West Sussex.

Redio niliirudisha Wete mwezi wa Shaaban. Tuliiwasha usiku, maana usiku mawimbi ya kati husafiri mbali zaidi. Ilikaa kimya karibu nusu dakika, valvu zinapata moto, kisha lile jicho la kijani, taa ndogo inayoonyesha redio imeshika kituo, likafunguka na sauti ya Kur-ani ikaingia kutoka kituo cha Kiarabu, inakuja inaondoka kama mawimbi ya pwani. Mama alisikiliza ameinamisha kichwa. Baadaye akasema tumeiweka vibaya. Baba alikuwa akiielekeza dirishani, ili na walioko barazani nje wasikie. Tukaigeuza.