Amplifaya na sabufa za gari: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Ukishika amplifaya dukani, igeuze upande wa nyaya utazame fyuzi kabla hujasoma maandishi makubwa ya kwenye boksi. Zidisha ampea za fyuzi kwa 13.8, ambayo ni takriban volti ya gari injini ikiwa inanguruma. Jibu utakalopata ndilo umeme ambao mashine hiyo inaweza kula mfululizo bila kukata fyuzi. Iliyoandikwa "wati 3000" huku ina fyuzi moja ya ampea 30 inakomea kwenye wati 414, na inachotoa kwenye spika ni pungufu ya hapo, kwa sababu sehemu ya umeme huishia kuwa joto. Zile za klasi D (klasi ni aina ya saketi iliyo ndani) hutoa karibu asilimia 80 ya zinachokula, za klasi AB zinazidi nusu kidogo tu. Baadhi ya amplifaya kubwa hazina fyuzi mwilini. Hizo angalia kitabu chake kinataka fyuzi ya ampea ngapi. Namba ya kushika ni ya RMS, yaani wati zinazotolewa mfululizo. Hiyo ya "max" iache hapo hapo kwenye boksi.

Sasa tupange, kwa mtu anayetaka besi nzuri kwenye gari la kila siku, si la mashindano.

1. Monobloku (amplifaya ya chaneli moja) ya klasi D ya wati 300 hadi 500 RMS, na sabufa (spika ya besi) moja ya inchi 12 kwenye boksi lililozibwa

Hii naiweka juu bila kusita. Amplifaya ya wati 500 ikisukumwa hadi mwisho hula kama ampea 45, na muziki hausukumi hivyo muda wote, kwa hiyo betri na alteneta zilizo nzima kwa kawaida humudu. Boksi lililozibwa ni dogo, linasamehe vipimo vilivyokosewa kidogo, na besi yake inakatika kwa wakati badala ya kuvuma baada ya ngoma kunyamaza. Ukishawishiwa upande hadi wati 1000, kumbuka kwamba kuongeza wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu. Sikio litajua kuna tofauti, lakini haliwezi kukuambia sauti imekuwa maradufu.

Wengi hukwama kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa umeme. Sabufa yenye koili (waya uliozungushwa unaosukuma spika) mbili za omu 4 ukiziunga sambamba unapata omu 2, ukiziunga mfululizo unapata 8. Yenye koili mbili za omu 2 inakupa 1 au 4, basi. Omu 2 huipati ukitumia koili zote mbili. Kwa hiyo soma kwanza amplifaya yako inatoa wati ngapi kwenye omu ipi, halafu ndipo uchague koili. Ukinunua kinyume, aidha amplifaya itatoa nusu ya ulicholipia, au itapata joto na kujizima katikati ya wimbo.

2. Sabufa ya chini ya kiti yenye amplifaya ndani

Kwa anayehitaji buti lake lote, au mwenye redio ya kiwandani asiyotaka kuigusa. Nyingi zinapokea ishara moja kwa moja kutoka nyaya za spika, hivyo hata redio isiyo na matundu ya RCA (ya kupeleka ishara kwenye amplifaya) inatosha. Zinajaza sauti vizuri, ila besi ya chini kabisa, ile inayosikika kifuani, usiitarajie kutoka kwenye koni (uso wa spika unaotikisika) ya inchi 8. Pima urefu wa nafasi chini ya kiti kwanza, kiti kikiwa kimesukumwa mbele na nyuma.

3. Amplifaya ya chaneli nne

Chaneli mbili zinapiga spika za milangoni, mbili zilizobaki zinaunganishwa kupiga sabufa. Mashine moja, waya mmoja mkubwa, kazi imekwisha. Tatizo ni kwamba nyingi zikiunganishwa hivyo haziruhusu chini ya omu 4, kwa hiyo uchaguzi wa sabufa unabanwa.

4. Sabufa mbili kwenye boksi lenye tundu

Kelele zipo, tena nyingi. Lakini boksi linakula buti zima, na chini ya masafa ya tundu lake (Hz ambazo tundu limepimiwa) koni inakosa hewa ya kuizuia, ikaanza kurukaruka hadi ijiumize. Lazima amplifaya iwe na filta ya kukata sauti za chini kabisa, na uiweke chini kidogo ya masafa ambayo boksi lilitengenezewa. Muuzaji asiyeyajua masafa hayo, mshukuru uondoke.

Kiti cha mwisho ni cha vifurushi vya "kila kitu ndani", na kosa lake kubwa ni nyaya. Nyingi ni alumini iliyopakwa shaba, inayopitisha umeme kwa karibu theluthi mbili tu ya shaba tupu. Kwangua ncha kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, ni alumini. Kwa wati 500, tafuta shaba ya milimita za mraba 21, inayouzwa kama geji 4. Waya wa bodi, yaani wa hasi, uwe na unene huo huo, mfupi, umefungwa kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi hadi king'ae. Fyuzi kubwa ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri, kwa kuwa inalinda waya usiwake moto ukigusa bodi njiani. Nyaya za RCA zipitishe upande mwingine wa gari, mbali na waya wa umeme.

Weka na multimita kwenye orodha ya manunuzi, ya bei ya chini inatosha. Geini, kile kitasa kilicho kwenye amplifaya, si cha kuongezea sauti; kazi yake ni kuoanisha redio na amplifaya. Chomoa sabufa, zima marekebisho yote ya sauti ya redio kama bass na treble, weka sauti robo tatu, piga mlio wa Hz 50, kisha pima volti za AC kwenye matundu ya spika ya amplifaya. Kwa wati 300 kwenye omu 2, pandisha geini taratibu uishie volti 24.5, kwa wati 500, volti 31.6. Bass boost ibaki sifuri. Filta ya kukata sauti za juu ianzie Hz 80, na ukisikia sauti za waimbaji zinatokea butini, ishushe. Rudisha sabufa, kaa kwenye kiti cha dereva, umwambie mwenzako abadilishe swichi ya fezi (inayogeuza mwelekeo wa koni kusukuma au kuvuta) kati ya 0 na 180: upande wenye besi nene zaidi ndio wa kuuacha.